Kitanda Kimoja, Mbu Yule Yule

Chumba cha watoto nyumbani kwetu kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, nasi tulikilalia watatu. Dada alilala upande wa ukutani, maana ukuta wa udongo ulihifadhi joto la jua, na baridi ilikuwa adui yake. Mimi nililala katikati. Mdogo wangu aliwekwa ukingoni, kwa kuwa alikuwa bado kikojozi na mama alitaka iwe rahisi kumnyanyua usiku. Chandarua hatukuwa nacho. Huku kwetu Tanga, kandokando ya mashamba ya mkonge, miaka ya 1980 chandarua ulikiona kwenye nyumba za wakubwa wa shamba tu. Sisi tulikuwa na shuka moja la kuvutana, na mbu wa kutuimbia mpaka usingizi utushinde.

Homa zetu, basi, zilitoka mahali pamoja. Kilichotofautiana ni miili zilimoingia. Imenichukua zaidi ya miaka ishirini kulielewa jambo hilo, na aibu yangu ni kwamba sehemu ya miaka hiyo nilikuwa nikilifundisha darasani.

Mimi nilikuwa mgonjwa mwepesi. Nikishikwa na homa, mama alisaga klorokwini kwa mgongo wa kijiko, akaichanganya na sukari ambayo haikupunguza uchungu hata kidogo, akanibana pua nikameza. Siku ya pili dawa yenyewe iliniwasha mwili mzima hadi nikajikuna kwa gunzi la hindi. Siku ya tatu ungenikuta juu ya mwembe. Bibi, mama yake baba, alikuwa akiwaambia wageni, "Mjukuu wangu huyu ni wa chuma." Nami nilivimba kichwa, nikaamini.

Mdogo wangu hakuwa wa chuma. Usiku mmoja wa masika, akiwa na miaka minne, alikaza meno, macho yakageuka yakabaki meupe, akaanza kurusha mikono na miguu. Degedege. Bibi aliagiza kitafutwe kinyesi cha tembo afukizwe, akakataza katakata asipelekwe kudungwa sindano, kwa kuwa wazee waliamini mtoto wa degedege akidungwa sindano hafiki asubuhi. Hapo ndipo nilipomwona mama akimpinga mama mkwe wake kwa mara ya kwanza. Hakujibu neno. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akatoka gizani. Walikaa hospitali siku tisa, mbili za mwanzo mdogo wangu hajitambui, kwinini ikidondoka kwenye dripu. Alirudi hai, na kifafa ambacho hakijamwacha mpaka leo.

Dada yangu alikuwa na maradhi yasiyo na jina. Mama husimulia kwamba kabla hajatambaa vizuri, vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba vyote kwa pamoja, kama vilivyoumwa na nyuki. Macho yake yalikuwa na umanjano usioondoka. Usiku wa baridi alilia mifupa, na mama alimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka majogoo. Ubavuni kushoto alikuwa na chale tatu alizochanjwa na mganga ili "kushusha bandama". Kukimbia hakuweza, kwa hiyo alikaa nami barazani akanifundisha kusoma, akiandika ukutani kwa mkaa. Kila alipopelekwa zahanati aliandikiwa malaria. Zahanati haikuwa na darubini. Homa ilikuwa malaria na malaria ilikuwa homa.

Mwezi wa tano mwaka 1986, mvua zikiwa bado hazijakatika, alishikwa na homa iliyogeuza viganja vyake vikawa vyeupe kama unga wa muhogo. Baba alimpakia kwenye lori la mkonge hadi hospitali. Waliambiwa anahitaji damu. Damu ilipatikana saa nne asubuhi. Dada alikuwa ameondoka alfajiri. Alikuwa na miaka tisa. Kwenye karatasi waliandika malaria, na hawakukosea. Malaria ndiyo iliyommaliza, ila haikuja peke yake.

Mwaka uliofuata mama alijifungua mtoto wa kiume. Akafa na miezi kumi na moja, naye kwa homa na kuishiwa damu.

Majirani hawakukosa la kusema. Mama aliposimama kisimani palikuwa na mtu wa kukumbuka kwamba kikulacho ki nguoni mwako, akaisema kwa sauti ya kutosha. Shangazi zetu walimshauri baba aoe mke mwingine, "mwenye tumbo jema". Baba hakuoa, lakini hakuwahi pia kuwanyamazisha. Mama alijifunza kuchota maji mapema, kabla ya wenzake.

*

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Mwaka 2011 nilikuwa kidato cha nne, somo la urithi, nikichora ubaoni kile kielelezo nilichokichora kila mwaka: mraba uliogawanywa visanduku vinne. Baba ana AS, mama ana AS. Sanduku la kwanza AA, la pili na la tatu AS, la nne SS. Nikaeleza kwa sauti ile ya mwalimu aliyezoea: herufi S ni hemoglobini yenye kasoro, A ni ya kawaida, mwenye S moja hana ugonjwa, ni mbebaji tu, mwenye S mbili ana selimundu, na dalili zake ni vidole kuvimba utotoni, macho ya njano, maumivu ya mifupa, upungufu wa damu.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyo wa pembeni, chini, ndiye mimi."

Wenzake walicheka, kisha wakaacha.

"Ya vidole siyakumbuki," akaendelea, "mama ndiye husimulia. Lakini mifupa naijua. Huwa inaanzia nyongani."

Nilimtazama machoni. Kwa miezi minne alikuwa darasani kwangu, na sikuwa nimeyaona macho yale. Mara ya mwisho kuyaona ilikuwa kitandani, upande wa ukutani.

Sikumaliza kipindi. Niliwapa zoezi, nikatoka nje, nikasimama chini ya mwarobaini. Miaka saba nilikuwa nimechora mraba ule, nikausahihisha kwenye mitihani, nikawakata alama waliokosea herufi. Haikuwahi kunijia kwamba nilikuwa nikichora kitanda chetu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kupima. Kijana wa maabara aliniona nimemtolea macho, akanikaribisha nitazame. Alitona tone la damu yangu kwenye kioo, akaongeza tone la kemikali inayonyonya oksijeni, akafunika kwa kioo chembamba, halafu akatoa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akapaka kingo zote nne. "Hewa isiingie," alisema. "Rangi ni ya nesi wa wodi ya wazazi. Hajui kama inaisha huku." Mara ya kwanza nilipoinama kwenye darubini niliona visahani vya kahawa vimetapakaa. Niliporudi baada ya nusu saa, visahani vingine vilikuwa vimejikunja, vimechongoka ncha mbili. Mundu.

Kipimo hicho hakiwezi kutenganisha mbebaji na mgonjwa, kwa hiyo damu ilipelekwa Dar es Salaam kupimwa aina za hemoglobini moja moja. Majibu yalirudi na herufi mbili: AS. Nilimshawishi mdogo wangu naye akapima. AA. Mama akapima, nitakuja kueleza kwa shida gani. AS.

Kwa hiyo sasa naweza kuwarudisha wote watatu kitandani, kila mmoja na herufi zake. Dada hakuacha kipimo, ila aliacha vidole vilivyovimba, macho, mifupa na zile chale tatu.

*

Kimelea cha malaria hatari kuliko zote, *Plasmodium falciparum*, kikishaingia kwenye chembe nyekundu ya damu hujipa muda wa saa 48 hivi kula hemoglobini na kuzaliana, kisha hupasua chembe na watoto wake huvamia nyingine. Tatizo lake ni bandama. Bandama ni chujio: chembe iliyochakaa au iliyoharibika ikipita humo hunaswa. Ili kuikwepa, kimelea hupachika kwenye ngozi ya chembe protini inayofanya kazi kama gundi, na chembe ile hunata kwenye kuta za mishipa midogo badala ya kuzunguka na damu. Ikinata kwa wingi kwenye mishipa ya ubongo, mtoto hupoteza fahamu, hukaza meno, hurusha mikono. Hilo ndilo lililompata mdogo wangu, mwenye damu nzima isiyo na kasoro yoyote.

Mimi, niliyesifiwa, nina kasoro. Karibu asilimia 40 ya hemoglobini yangu ni S. Kosa lenyewe ni dogo ajabu: katika mnyororo wa asidi amino 146, moja tu, ya sita, imebadilishwa, ilipaswa kuwa glutamiki, ni valini. Lakini kimelea kinapoingia kwenye chembe ya namna hiyo mambo hukiharibikia. Oksijeni ikipungua, hemoglobini S hushikana, chembe hujikunja, na kimelea hukua kwa shida. Gundi yake nayo hupachikwa vibaya, chembe hainati sawasawa, na badala ya kujificha ubongoni hupelekwa na mkondo wa damu mpaka kwenye bandama, hunaswa. Wanasayansi wametaja na njia nyingine, na inaelekea zote husaidiana.

Dada alikuwa na S pande zote mbili. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku zipatazo 120; ya mwenye selimundu huishi kati ya siku 10 na 20. Kwa maana hiyo dada aliishi na damu ya mkopo, mwili wake ukitengeneza leo kile kitakachovunjika wiki ijayo. Bandama yake, ile iliyochanjwa chale, huenda ilikuwa imekwisha kuziba na kufa, kama inavyowapata wengi wa wagonjwa hawa wakiwa bado wadogo. Malaria ikaja kuvunja chembe za mtu ambaye hakuwa na za akiba. Wapo wanaodhani kwamba kama S moja inakinga, basi mbili zinakinga zaidi. Nimewasikia walimu wenzangu wakisema hivyo. Mwenye S mbili ndiye anayehitaji kulindwa na malaria kuliko sisi wote.

Aliyeiunganisha habari hii alikuwa Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya. Mwaka 1949, katika msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya, alikusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali akaona jambo la ajabu: pwani na kandokando ya Ziwa Victoria zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa wabebaji wa S, nyanda za juu hawakufika hata mmoja. Ramani ya S ilikuwa ramani ya mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake, ukiwemo ule wa wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea kuambukizwa malaria kwa makusudi: kati ya 15 wasio na S, 14 walionekana na vimelea, kati ya 15 wabebaji, wawili tu. Allison ninamtaja darasani kila mwaka. Wale 30 majina yao hayamo kwenye kitabu chochote ninachofundishia.

Lakini utafiti ulionigusa zaidi ulifanyika jirani tu, kaskazini mwa pwani yetu hii hii, Kilifi. Watafiti waliwafuatilia watoto kwa miaka, na mwaka 2005 walieleza kwamba mbebaji wa S anakingwa karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali, ile ya dripu na degedege, ila dhidi ya malaria ya kawaida ni nusu tu. Tena kinga hiyo ya homa za kawaida haikuwa sawa katika umri wote. Chini ya miaka miwili ilikuwa asilimia 20 hivi. Ikapanda mwaka hadi mwaka mpaka kufikia 56 mtoto akiwa na miaka kumi, kisha ikashuka. Kama kazi yote ingekuwa ya umbo la chembe, isingepanda, kwa sababu umbo hilo huanza mapema mno utotoni. Waliona dalili kwamba mwili wa mbebaji unajifunza malaria haraka kuliko wa wengine. Kila homa aliyoimaliza ni somo alilolishika.

Nilipomsomea mama habari hiyo alisema, "Wewe mchanga uliumwa mno. Watu wamesahau. Ulianza kuwa wa chuma ulipoota meno yote."

*

Nimelifikiria sana neno hilo, chuma. Nilikua nikiamini kwamba nilipona kwa sababu nilikuwa mtoto imara, na kwa siri, kama watoto wanavyofanya, niliamini kwamba dada na mdogo wangu walikuwa dhaifu. Nilipokuwa mtu mzima nikaupamba udhaifu huo kwa maneno ya heshima: nikasema ni bahati, nikasema ni Mungu. Sasa najua kwamba kilichonifikisha juu ya mwembe siku ya tatu ndicho hicho hicho kilichomlaza dada akilia mifupa. Alipewa yeye viwili, nami nikapewa kimoja. Katika nchi ya malaria S imedumu kwa maelfu ya miaka kwa sababu watoto kama mimi walibaki hai wakazaa, na gharama yake ilikuwa ikilipwa na watoto kama dada, nyumba baada ya nyumba. Mtu aliyeponea hesabu ya namna hiyo hawezi kujisifu.

Jambo la pili nililojifunza ni kwamba robo haiendi kwa zamu. Wazazi wakiwa AS wote wawili, kila mimba ni bao jipya. Haijali kwamba mtoto wa kwanza amekwisha kuumia. Mama alizaa wanne, na inaelekea wawili wakawa wa sanduku la mwisho. Watu waliita mkosi. Hesabu haikatazi.

La tatu ni la majina. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka. Leo mtoto akijulikana mapema hupewa penisilini ya kumkinga mpaka afike miaka mitano, hupewa dawa ya kuzuia malaria, mama hufundishwa kuipapasa bandama. Ipo haidroksiurea, na utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kutolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipata maumivu machache, waliongezewa damu mara chache, na hata malaria iliwapata kwa uchache. Nyingi za huduma hizo hazikuwa zikijulikana kwetu mwaka 1986. Lakini penisilini ilikuwepo, klorokwini ilikuwepo, na chandarua kingepatikana kwa kuuza mbuzi mmoja. Dada alikosa jina kabla ya kukosa dawa.

Mke wangu alipimwa; ni AA. Binti yetu ni AS kama mimi. Analala ndani ya chandarua kila usiku, na bibi yake mzaa mama akimsifu kwamba haugui ovyo, mimi huondoka sebuleni.

*

Nilisema nitaeleza shida ya kumpima mama. Alikataa mara tatu. Nilidhani anaogopa sindano. Mara ya nne alisema, bila kuniangalia, akichagua mchele, "Mwanangu, mimi hayo majibu ninayo miaka yote. Unataka niyasikie na kwa daktari?"

Ndipo nilipoelewa kwamba yale maneno ya kisimani yalikuwa yamemwingia, yakakaa. Niliweka sinia lake kando, nikachukua punje nne za mchele, nikazipanga sakafuni mraba, nikamfundisha somo la kidato cha nne. Aliuliza maswali mazuri kuliko ya wanafunzi wangu. Nilipofika kwenye sanduku la mwisho alinyamaza, akakigusa kile kipunje kwa kidole.

"Huyu hawezi kupatikana kwa mama peke yake?"

"Hawezi, mama. Lazima na baba awe nayo."

"Kwa hiyo baba yenu naye alikuwa nayo."

"Alikuwa nayo."

Alikaa muda mrefu. Baba tulimzika mwaka 1999, na shangazi wote wawili wamemfuata. Hakubaki hata mmoja wa kuambiwa. Kisha akasema twende kupima, na njiani, kwenye daladala, akanipa wasia: "Wajukuu wapime kabla hawajapendana. Wakishapendana hawatakusikia." Nikamwambia ni vigumu kumjua utakayempenda kabla hujampenda. "Basi wapime wote," akasema, "kila mtu ajue lake, halafu wapendane."

Majibu yalipotoka alifungua kopo la biskuti anamowekea vyeti, akatoa kadi ya kliniki ya dada, imelegea mikunjo kama kitambaa. Malaria, imeandikwa. Malaria. Upungufu wa damu. Malaria. Akanitaka niandike jina la haki.

Nilitoa penseli. Nilimweleza kwamba dada hakuwahi kupimwa, kwamba dalili zote zinakubali lakini mwalimu haandiki kwa wino asichokuwa na kipimo chake. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaichukua ile penseli mkononi mwangu, akaiweka juu ya kabati.

"Andika kwa wino," alisema. "Nimemkanda miaka tisa."